Wa Kumi na Mbili

Muhanna alituhesabu Saiq, jua halijashika ukuta:
wauguzi watatu wa zamu ya usiku, macho bado mekundu,
mhasibu wa Ruwi na viatu vipya vinavyolia,
mwalimu wa Ibra na mkewe, wasiosemezana tangu jana,
wengine wanne waliojuana kazini,
na mimi, Zuweina, na goti langu la kushoto
nililoliambia libaki nyumbani, likakaidi.
Kumi na moja, akasema. Twendeni.

Nyuma yetu alisimama mtu mfupi, kofia ya sufu.
Hakuna aliyemuuliza. Tulimtazama, tukaona mgongo.
Mwalimu akamtwika chupa za maji,
muuguzi akamning'iniza kamera,
nami, Mungu anisamehe, nikampa mkoba
huku nikitazama pengine.

Tulikuja kuona misikiti mitatu ya kale.
Wa kwanza, pale Aqr, ni chumba cha udongo;
mlango wake unakuinamisha kabla hujanuia.
Wa pili una harufu ya waridi,
majirani wanachemsha maua, na moshi
umeifanya dari nyeusi kama sufuria la harusi.
Maji ya falaji yanapita chini ya kizingiti,
hayabishi hodi.

Penye kona ya jabali pana rundo la mawe.
Sisi tukakata upande wa ukuta, kwenye salama.
Yeye akazunguka upande wa shimo,
mawe mkono wake wa kulia,
midomo ikimcheza.
Wewe! Muhanna akapiga kelele. Njia ni huku!
Akarudi na tabasamu la hotelini.
Kwetu ndivyo tupitavyo, bwana.

Kwetu wapi?
Kwa Kiarabu cha jikoni akatueleza: jina Nurbu,
milima ya theluji, nyumba za watawa
zilizopandishwa juu kama mtu aliyeogopa mafuriko,
siku nne kutoka hii hadi ile.
Miaka tisa aliwabebea wageni njia hiyo,
mahema, mafuta ya taa, viti vya kukunja,
safari moja hata beseni la kuogea.
Wageni walivua viatu, wakaingia,
wakatoka na uzi mwekundu mkononi.
Yeye alibaki uani.
Mizigo, akasema, haina mlinzi mwingine.

Sasa anaosha vyombo hapo juu, mwaka wa tatu.
Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne:
risiti. Riali kumi na tano.
Jina limekosewa herufi mbili. Fedha haikukosewa.

Muhanna aliisoma kama barua ya mahakama.
Mhasibu, ambaye riziki yake ni kuona kilichopungua,
akainamia kamba za viatu vyake.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
mara ngapi nimeusema wodini,
nikiwaonya watu wengine!

Lete mkoba, Nurbu. Umelipa.
Akakataa. Nikauvuta. Akauvuta.
Watu wazima wawili, mita elfu mbili juu ya bahari,
tukigombea mkoba wa machungwa na dawa ya kuchua.
Akauachia ghafla, nikapepesuka,
chungwa moja likaponyoka ukingoni.
Tulilisikia muda mrefu.

Msikiti wa tatu paa limekwenda,
haukuswaliwa tangu babu yake Muhanna.
Mlangoni akatuhesabu upya, polepole,
akaanzia kwa Nurbu: moja.
Tukaingia. Yeye akabaki nje kwa mazoea,
akizipanga jozi zetu kumi na moja kwa ukubwa.

Ingia, akasema mke wa mwalimu,
neno lake la kwanza tangu asubuhi.
Viatu havina mwizi huku.

Akavua. Soksi zake zimeshonwa kwa uzi wa mashuka.
Aliketi akaegemea ukuta,
akatazama juu, mahali pa paa,
mikono magotini, kisha kifuani, kisha sakafuni,
haijui iwekwe wapi.